Kugandisha au kubadilisha? Njia mbili za kubana matumizi ya jikoni Mtwara na Lindi

Nyumba inayobana matumizi ina njia kubwa mbili. Ya kwanza ni kupika kingi kwa moto mmoja, kula cha leo na kugandisha kinachobaki. Ya pili ni kuachana na kilichopanda bei na kuweka kingine kinachofanya kazi ileile chunguni: karanga badala ya nazi, mbilimbi badala ya ndimu, mbaazi badala ya nyama. Kila moja ina watu wake wanaoisifu. Lakini ukizileta Mtwara au Lindi, kwenye joto hili, na umeme unaokatika, na bahari yenye misimu yake, hazina uzito sawa.

Niseme mapema ninaposimama. Kubadilisha ni kwa kila siku na kwa kila nyumba, yenye friji na isiyo nayo. Kugandisha ni kwa vitu vichache, ila kwa hivyo vichache hakuna njia nyingine inayofikia. Na kwa mwenye uwezo wa kutumia zote mbili, ipo kanuni ninayoiamini kuliko zote: gandisha kabla ya kuunga, badilisha wakati wa kuunga. Sababu zake zitaonekana mbele.

Friza inakula kiasi gani

Anayebadilisha haanzi na gharama yoyote. Anayegandisha anaanza na umeme wa Luku, kwa hiyo hesabu yake tuifanye kwanza.

Friji ya nyumbani, au friza ya ukubwa wa kati yenye mfuniko wa juu, hula uniti moja hivi kwa siku. Huzidi hapo kama ni ya zamani, kama mpira wa mlango umelegea, au kama imebanwa ukutani karibu na jiko. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo inafika karibu 356. Kwa siku 30 hiyo ni kama shilingi 10,700. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni 350. Nyumba ya D1 yenye taa, tivii na feni inaweza kukaa chini ya 75 bila shida. Ukiiongezea uniti 30 za friza, mstari huo uko karibu sana.

Maana yake ni kwamba friza ya mteja wa kawaida inatakiwa ikuokolee zaidi ya shilingi 10,000 kila mwezi ndipo uanze kusema imesaidia. Kiporo cha wali na maharage peke yake hakifikishi hapo. Kina mama wengi wa Magomeni na Chikongola wanalijua hili bila kuandikiwa: friza zao ni za barafu za ubuyu na ukwaju na maji ya baridi ya kuuza, na chakula cha nyumbani kinapata nafasi pembeni ya biashara. Huo ndio mpangilio wenye faida zaidi ninaoufahamu. Kama friza tayari inalipiwa na barafu, chakula unachokiweka humo kinahifadhiwa karibu bure.

Halafu kuna kukatika. Gesi ya Mnazi Bay inazalisha umeme hapahapa Mtwara, na hata hivyo giza la saa kadhaa si jambo geni kwetu. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushikilia ubaridi wake kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu zijaze chupa za maji: zikiganda zinasaidia kubeba ubaridi, na umeme ukirudi mashine haihangaiki. Weka pia kikombe cha maji, kikishaganda laza sarafu juu yake. Ukisafiri kwenda Masasi ukarudi ukakuta sarafu imezama chini ya barafu, ujue vyote viliyeyuka vikaganda tena ukiwa haupo, na nyama na samaki wa humo si wa kuliwa. Sarafu ikiwa bado juu, chakula kilishikilia.

Vitu ambavyo friza haina mpinzani

Nianze na kisamvu, kwa sababu ndicho kinachoeleza kanuni yangu vizuri kuliko vyote.

Kisamvu kinatwangwa kinuni na kitunguu saumu mpaka kilainike na kutoa maji ya kijani, kisha kinachemshwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Majani ya muhogo yana sumu ya asili. Kutwanga ndiko kunakoifungua, na mvuke ndio unaoiondoa, ndiyo maana wazee hawafuniki. Baada ya hapo maji yakikauka ndipo kinaungwa kwa nazi, karanga au korosho. Tazama kazi imekaa wapi. Kutwanga ni mikono na jasho, kuchemsha ni mkaa. Kuunga ni robo saa tu. Basi kigandishe katikati: kimeiva, kimekauka, hakijaungwa. Kigawe kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja, kibonyeze kitoe hewa, uandike tarehe. Siku ya kula unakitoa, unatazama nini kiko sokoni kwa bei nafuu, na ndicho unachoungia. Umeokoa mkaa kwa kugandisha, umeokoa pesa ya nazi kwa kubadilisha, na chakula hakijui kama kilikaa kwenye barafu.

Ukigandisha kisamvu kilichokwisha kuungwa nazi, tui linaachana: maji upande wake, mafuta upande wake. Ukipasha taratibu huku ukikoroga linarudi kiasi, lakini si lile. Tena umejifunga, maana ulishaamua wiki iliyopita kwamba ni nazi.

Mbaazi, kunde na choroko zinafuata njia hiyohiyo. Mbaazi kavu zinakula mkaa hata ukiziloweka usiku kucha. Chemsha kisado kizima siku moja, gawa, gandisha na maji yake kidogo. Zinakaa miezi miwili mitatu bila kupoteza utamu. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya kopo, maana maji yakiganda hupanuka, na kopo lililojaa mpaka mdomoni linapasuka. Mbaazi mbichi, zile za kijani zinazokuja kwa muda mfupi kabla mavuno hayajakauka, zinastahili uangalizi zaidi: zimenye, zichemshe dakika mbili au tatu tu, zitumbukize kwenye maji ya baridi, zichuje, zigandishe. Unaweza kuzila kwenye wali wakati mashamba yamekwisha kuwa makavu.

Na huku kwetu mbaazi ni za kuzifikiria sana, kwa kuwa bei yake hapa inapangwa mbali. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkubwa, ilipoweka ukomo wa mbaazi inazoingiza kutoka nje, bei iliporomoka na wakulima wa Lindi na Mtwara wakabaki na magunia. Ulikuwa mwaka mchungu kwa mkulima. Kwa mpikaji funzo lake ni moja: mbaazi zikishuka, nunua, kwa sababu kavu hazihitaji hata friza, zinahitaji chombo kikavu kisichoingiza wadudu.

Muhogo mbichi ukishang'olewa hauvumilii. Siku ya pili au ya tatu unaanza kuwa na mistari ya bluu na nyeusi ndani. Kama jamaa amekuletea kiroba kutoka shambani Nanyamba, menya, kata, osha, kausha, gandisha ungali mweupe. Siku ya kupika usiuyeyushe. Utie moja kwa moja kwenye maji yanayochemka.

Nyanya zikiwa nyingi na bei imeanguka, gandisha nzima nzima bila kumenya. Ukiziweka chini ya bomba ganda linachomoka lenyewe. Ni za mchuzi tu, kachumbari zisahau. Nazi iliyokunwa nayo inaganda vizuri. Ukiitia maji ya uvuguvugu unakamua tui kama la nazi ya leo, kwa hiyo anayenunua nazi nyingi kwa bei ya jumla ana sababu ya kuwasha friza.

Na pweza. Pweza wa Msimbati au wa Songosongo akipikwa wa leo leo, kama hakupigwapigwa vya kutosha kwenye mwamba, ni mpira. Kwenye friza maji yaliyo ndani ya nyama yake yanageuka barafu na kuchanachana nyuzi. Mgandishe siku mbili tatu, umshushe ayeyuke usiku kucha sehemu ya chini ya friji, kisha mwinjike bila kumwongezea maji. Atatoa yake mwenyewe, atapungua, atageuka rangi ya zambarau, na ncha ya kisu itapita kwenye shina la mnyiri bila kulazimishwa. Hapa kugandisha kunaboresha chakula, hakukihifadhi tu. Sijui kitu kingine cha baharini ninachoweza kukisifia hivyo.

Kiporo chenyewe

Watu wakisema kugandisha mabaki wanafikiria zaidi chakula kilichoiva cha sahani: wali, ugali, mchuzi. Hapa ndipo friza inapoonewa, inabebeshwa mizigo isiyo yake.

Ugali haugandi kwa heri. Ukiyeyuka unameguka na kutoa maji. Viazi mviringo vya kwenye mchuzi vinakuwa na chengachenga. Wali unaganda vizuri, lakini una hatari ambayo naomba kila anayepika aifahamu. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa na uvuguvugu, mbegu hizo zinaamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki hata upashe mpaka uungue. Kile kiporo cha wali kilicholala kwenye sufuria juu ya jiko mpaka asubuhi, kikapashwa kwa ajili ya chai, ni chakula tulichokulia, na wengi hakikuwadhuru. Lakini mtoto mdogo au mgonjwa hakifai kabisa. Ukitaka kiporo salama, tandaza wali kwenye sinia upoe haraka, uingize kwenye friji au friza ndani ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, kama linavyoweza kufika mchana wa joto mjini Mtwara, usipite saa moja. Ukipasha, pasha mpaka moshi utoke katikati, na pasha mara moja tu.

Newala na Tandahimba usiku kuna ubaridi, na huko juu utasikia watu wakisema chakula hakichachi. Ubaridi wa Newala si wa friji. Friji inatakiwa iwe nyuzi 4 au chini yake, friza nyuzi 18 chini ya sifuri.

Samaki ana sheria yake. Jodari na kibua wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, ile inayokuletea wekundu usoni, muwasho na kichwa kugonga. Haiondolewi na moto wala barafu. Kwa hiyo samaki hagandishwi ili kuokolewa; anagandishwa akiwa bora. Ukiwa soko la samaki la Feri uliza, "Baba, huyu ni wa leo au amelala?" na hata ukijibiwa kwa upole, "Wa leo mama, shuka umtazame," kweli shuka utazame: jicho limetuna au limezama, mashavu ni mekundu au yamefifia. Akiwa wa leo, mtoe matumbo, muoshe, mkaushe, mgandishe saa hiyohiyo. Changu na chewa, wenye mafuta kidogo, watakaa nusu mwaka. Kibua na jodari usiwapitishe miezi mitatu, mafuta yao yanachacha hata kwenye barafu.

Barafu haiui vijidudu, inavilaza tu. Chakula kilichoingia na kasoro kinatoka na kasoro yake.

Kubadilisha: jua kazi ya kitu chunguni

Kubadilisha kunahitaji akili zaidi kuliko vifaa. Watu wanaoshindwa hubadilisha kwa jina, kana kwamba kila mboga ni sawa na mboga. Wanaofaulu hubadilisha kwa kazi. Jiulize hiki kinaleta nini: uzito, ukali, kitoweo, au kushibisha?

Nazi kazi yake ni uzito na mafuta. Kwa chungu cha watu watano au sita, nazi moja kubwa naibadili kwa vijiko vitatu vya chakula vya karanga iliyosagwa, nikiilegeza kwanza kwa maji ya uvuguvugu mpaka isiwe na madonge. Moto uwe mdogo na mwiko usitoke, kwa sababu karanga hushika chini upesi. Ufuta, ambao Lindi inaulima kwa wingi, unafanya kazi hiyo kwa kiasi cha chini zaidi: kaanga kidogo ukavu, twanga, weka vijiko viwili. Ukiunguza, uchungu wake hautoki. Korosho ndiyo inayokaribia zaidi ulaini wa tui. Usinunue nzima, nunua vipande. Sokoni vina bei ya chini na kwenye mchuzi hakuna anayeona kama vilikuwa vizima. Viloweke nusu saa kwenye maji ya moto, visage au uvitwange, chuja ukipenda. Kisamvu cha korosho hakiwi mbadala wa mtu aliyeshindwa kununua nazi. Ni chakula cha heshima, na kwenye karamu za huku kinawekwa mbele ya wageni. Mgeni akija umwambie kuna karanga au korosho, wapo wanaodhurika nazo.

Pia kuna kutoweka kabisa. Chukuchuku, samaki kwa maji, chumvi, kitunguu, pilipili na ndimu, haina nazi wala mafuta, na samaki akiwa wa leo haihitaji vingine. Kabla ya kutafuta mbadala, fikiria kama chungu kinakihitaji hicho kitu kweli.

Kwa ukali, ndimu ina ndugu wengi. Mbilimbi tatu au nne zilizokatwa zinatosha samaki mmoja wa wastani, na nyumba nyingi za Mikindani na Kilwa Kivinje zina mti wake uani, matunda yanaoza chini wakati mtu anakwenda dukani kununua ndimu. Ukwaju una nguvu na unatia giza mchuzi, utie kidogo kidogo. Embe bichi lianze mapema, lipikwe na nyanya.

Kwa kitoweo, bahari ndiyo inayoamua. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi na kuendelea, vyombo vidogo havitoki vizuri na samaki mbichi hupanda bei. Huo ndio wakati wa dagaa wakavu, ng'onda (samaki wa kukaushwa kwa chumvi), kunde na njugu mawe. Kaskazi ikirudi na bahari ikatulia, samaki anarudi mezani. Anayegandisha samaki akiwa wengi ili awale Julai ana hoja nzuri, ila aihesabu pamoja na miezi yote ya Luku katikati. Mara nyingi dagaa wakavu kwenye kopo wanamshinda, na hawaogopi giza.

Kwa kushibisha, mchele ukipanda changanya na choroko au mbaazi: sufuria inajaa kwa mchele mchache na mlo unakuwa bora kuliko wali mtupu. Asubuhi, badala ya mkate, muhogo wa kuchemsha au ming'oko, mizizi ya porini, yenye chumvi na pilipili inashikilia tumbo mpaka mchana. Ming'oko ni utajiri wetu wa porini, na inanisikitisha kuona nyumba changa za mjini zikiiona chakula cha shida.

Mabadilisho ya kuogopa

Hapa siwezi kupita haraka.

Muhogo mchungu hauwezi kuchukua nafasi ya muhogo mtamu kwenye sufuria. Unahitaji kulowekwa na kukaushwa kwa njia zake zote mpaka sumu itoke. Kuugandisha hakusaidii, kuuchemsha mara moja hakutoshi. Miaka ya ukame, watu wakiwa na njaa na wakifupisha kazi hiyo, ndipo unapokuja ugonjwa wa konzo unaopooza miguu, na kusini tunaufahamu. Kama hujui muhogo ulioletewa ni wa aina gani, muulize aliyeupanda.

Unga wa muhogo badala ya unga wa mahindi unaokoa pesa kweli. Lakini gramu 100 za unga wa mahindi zina protini gramu 8 hivi, na za muhogo hazifiki 2. Kwa mtu mzima anayekula samaki kila siku si neno. Kwa mtoto wa miaka miwili ni tofauti kubwa, hivyo siku ya ugali wa muhogo lazima pembeni kuwe na kunde, mbaazi au dagaa. Kubana kunakompunguzia mtoto chakula cha kumkuza si kubana, ni kuhamishia gharama mwilini mwake.

Karanga za bei ya kutupa zenye ukungu au zilizosinyaa na kubadilika rangi usiziguse, hata ukiambiwa zikikaangwa zinafaa. Sumu ya ukungu huo inavumilia moto. Makopa, yaani muhogo mkavu, yaliyoshika ukungu nayo uyakwepe. Na ng'onda anakuja na chumvi yake: mloweke, umwage maji, na chungu usikitie chumvi mpaka uonje, hasa nyumbani kukiwa na mwenye presha.

Tukizilinganisha chungu kwa chungu

Mbaazi za nazi. Kugandisha kunashinda kwenye mbaazi, kubadilisha kunashinda kwenye nazi. Zigandishe zilizochemshwa, uziunge siku ya kula kwa kilichopo.

Mchuzi wa samaki. Kubadilisha kunashinda, karibu kila mara. Samaki aliyeungwa nazi na kugandishwa anatoka akiwa mkavu na tui limekatika. Leo hakuna samaki? Pika mchuzi huohuo kwa dagaa au njugu mawe.

Wali uliobaki. Kama ni bakuli mbili, uingie friji uliwe kesho. Kupika kiasi kinachotosha kunaishinda akiba yote ya friza hapa, na kipimo cha kibaba kimoja kimoja ndicho dawa.

Nyama ya ng'ombe ya sikukuu. Igandishe mbichi, imekatwa vipande vya mlo mmoja, bapa na nyembamba ili baridi iingie upesi. Inastahili kila uniti.

Futari ya Ramadhani. Muhogo, magimbi na viazi vitamu vimenywe na kugandishwa vibichi wiki moja kabla. Tui litiwe siku yenyewe. Mama anayefunga na kupika atapata walau saa moja ya kupumzika alasiri, na hiyo naiweka kwenye hesabu ya faida.

Vyombo havina haja ya kununuliwa. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, makopo ya siagi na ya aiskrimu yenye mfuniko yamekuwa mali. Yaoshe, yakauke, bandika kipande cha plasta chenye tarehe.

Nyumba yako ni ipi

Huna friji wala mpango wa kununua: usiinunue kwa ajili ya kiporo. Badilisha kulingana na msimu, pika kinachotosha, weka akiba ya vikavu, yaani mbaazi, kunde, dagaa, makopa safi. Hupungukiwi na kitu kikubwa isipokuwa pweza laini.

Una friji yenye kijisehemu kidogo cha kugandisha juu: nafasi hiyo ni ndogo, usiijaze sahani za kiporo. Ipe kunde zilizochemshwa, kisamvu ambacho hakijaungwa na nazi ya kukuna. Nyama iingie ikiwepo.

Una friza kubwa na familia ya watu wanane, au unauza barafu: hapo gandisha kwa nguvu, fuata msimu, nunua jumla samaki wakiwa wengi. Lakini fungua mara moja kwa siku, toa vyote unavyohitaji kwa mkupuo, funga. Mlango unaofunguliwa na kila mtoto anayetaka maji ya baridi unakula uniti kuliko chakula chote kilichomo.

Na mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja Shangani, anayepikia jiko la mtungi, ambaye maharage yanammalizia gesi: huyo friza yake ni ya jirani. Mwendee mama mwenye friza ya barafu, umwamkie, umwombe nafasi ya vikopo vitatu vya maharage yaliyochemshwa, na kila mwisho wa mwezi umchangie Luku. Chemsha Jumamosi kwenye jiko la mkaa la uani, umpelekee yakiwa yamekwisha kupoa, yamefunikwa na kuandikwa jina. Wiki nzima gesi yako itakuwa ya kuunga tu.